Sweta Linalopwaya Limemkaa Nani?

Kiswahili kina neno moja ambalo laiti lingejulikana Paris na New York, lingewaokolea watu wa huko maneno mengi. Neno hilo ni kupwaya. Kiatu hupwaya mguuni, pete hupwaya kidoleni, nguo hupwaya mwilini. Na watumishi wa umma wanajua vema kwamba hata cheo huweza kumpwaya mtu, akawa ndani yake kama punje tatu za dengu ndani ya debe, zisizosikika mpaka debe litikiswe. Wapo wanaodhani kwamba kinyume cha kupwaya ni kubana. Sivyo. Kubana na kupwaya ni ndugu wawili, wote watoto wa fundi asiyepima. Kinyume chao ni kukaa. Mwanamke akivaa vizuri, wenzake hawasemi kwamba nguo imempunguza unene au imemwongezea urefu, husema tu, "Nguo imemkaa."

Kwa miaka mingi sasa, na hasa tangu maradhi ya Uviko-19 yalipowafungia watu majumbani mwaka 2020, maduka ya Ulaya na Marekani yamekuwa yakiuza kwa wingi masweta yaliyofumwa kwa makusudi ili yapwaye. Mwili wa sweta la namna hiyo ni mraba mtupu. Bega lake halikomei begani bali huteremka na kuning'inia katikati ya mkono. Mikono humeza vidole, shingo hutosha vichwa viwili, na uzi wake ni mnene kama kamba ya katani ya kufungia mzigo. Magazeti ya mitindo huliita vazi la starehe, vazi la uhuru, na juu ya yote vazi linalompendeza kila mwanamke. Madai hayo ya mwisho ndiyo yanayostahili kuchunguzwa, kwa kuwa ndani ya "kila mwanamke" wamo pia mwalimu wa shule ya msingi wa Njombe, karani wa halmashauri ya Mbulu na muuguzi wa Makete.

Huenda msomaji wa Dar es Salaam akauliza sweta linamhusu nini. Jibu ni kwamba nchi hii si pwani peke yake. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko juu zaidi ya hapo. Ifikapo Juni na Julai, asubuhi kwenye nyanda hizo huwa na ukungu mzito, na mahali pengine umande huganda juu ya majani. Kwa mwalimu anayesimama mbele ya darasa lenye madirisha yasiyo na vioo, sweta si pambo. Ni vazi la kazi kama ilivyo chaki, na hununuliwa kwa sehemu ya mshahara ambayo ingeweza kununua kitu kingine. Akiuziwa sweta baya kwa jina la mtindo mzuri, hasara si ya macho tu.

Inafaa kukumbuka kwamba masweta ya kwanza yaliyopata sifa hayakuwa ya anasa, wala hayakupwaya. Yalikuwa ya wavuvi. Katika kisiwa cha Guernsey na kwenye vijiji vya pwani ya Uingereza, wanawake waliwafumia waume na wana wao masweta ya sufu iliyosokotwa ikakaza, yenye vitanzi vidogo vilivyosongamana hata upepo ukapita kwa shida. Masweta hayo yalishika mwili, kwa sababu mvuvi mwenye mkono unaoning'inia angeweza kunaswa na kamba au ndoana akatumbukia baharini. Ili mtu aweze kuinua mikono na kuvuta wavu bila sweta kumpanda tumboni, wafumaji waliweka kipande cha pembe nne chini ya kwapa. Kipande hicho ni kidogo, na mtu aweza kukifunika kwa kiganja. Lakini ndani yake mna elimu yote ya jambo hili: kwamba vazi la mtu anayefanya kazi hupata nafasi pale kiungo kinapohitaji nafasi, wala si kila mahali kwa pamoja.

Mambo yalibadilika sweta lilipoingia mikononi mwa wabunifu wa mitindo. Mwaka 1916 Gabrielle Chanel alianza kuwashonea matajiri nguo za jezi, kitambaa kilichofumwa ambacho hadi wakati huo kilitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume. Mwaka 1927 Elsa Schiaparelli alipata sifa Paris kwa sweta jeusi lililofumwa na mwanamke wa Kiarmenia, likiwa na umbo la utepe mweupe shingoni ambao haukuwa utepe bali uzi uliofumiwa humo humo. Katika miaka ya 1940 wasichana wa vyuo vya Marekani walipenda kuvaa masweta makubwa kuliko miili yao, yanayofika nyongani, na wazee wao wakalalamika kama wazee wanavyolalamika siku zote.

Mageuzi makubwa, hata hivyo, yalitoka Japani. Mwaka 1981 Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto walionyesha nguo zao Paris kwa mara ya kwanza. Zilikuwa nguo nyeusi, pana, zisizofuata kiuno wala kifua. Na muda si mrefu Kawakubo akatoa sweta lenye matundu makubwa yaliyotobolewa kwa makusudi wakati wa kufuma, kana kwamba limeliwa na nondo. Waandishi wa Ulaya walikasirika. Walisema ni nguo za maskini, na wengine wakatumia maneno mabaya zaidi ya hayo. Ukweli ni kwamba mama yule alikuwa na fikra nzito. Hakukusudia kumpendezesha mwanamke kwa kipimo cha siku zote. Alikusudia kuuliza ni nani aliyeweka kipimo hicho, na kwa nini vazi la mwanamke lazima litangaze umbo lake wakati koti la mwanamume halitangazi lolote. Lilikuwa swali la haki, tena liliulizwa kwa ustadi, maana upana wa nguo zile ulipimwa na kukatwa na mafundi waliojua kila mkunjo utaangukia wapi.

Tatizo lilianza swali hilo lilipochukuliwa na wenye viwanda wakaliuza kama jibu. Mwaka 1983 filamu ya Kimarekani iitwayo Flashdance ilimwonyesha msichana aliyevaa fulana nzito iliyokatwa shingo, ikaanguka bega moja, na fulana za namna hiyo zikasambaa duniani kote. Upana ulibaki, ustadi ukaachwa Paris. Tangu hapo mtindo huo umekuwa ukiondoka na kurudi, na kila unaporudi hutangazwa kama jambo jipya.

Kwa nini wenye viwanda waupende sana? Ili kuelewa, hapana budi kujua sweta linavyotengenezwa. Kitambaa cha kawaida hupata umbo kwa mkasi. Sweta hupata umbo kwa hesabu. Mfumaji anayetaka kiuno kiingie ndani hupunguza vitanzi kimoja kimoja kila baada ya mistari kadhaa, kisha huviongeza tena anapopanda kifuani. Akifika kwapani hufunga vitanzi vichache kwa pamoja, akaendelea kupunguza kwa mviringo hadi begani. Na kichwa cha mkono nacho hukifuma kama kilima kidogo kitakachojaza mviringo ule barabara. Sehemu hiyo ya bega na kwapa ndiyo ngumu kuliko zote. Fundi anayeanza hulia machozi hapo, na mashine ya kiwandani nayo hupoteza muda hapo hapo.

Sasa msomaji alitazame sweta lisilo na umbo. Ni vipande vinne vya pembe nne: mbele, nyuma, na mikono miwili. Hakuna kitanzi kilichopunguzwa kiunoni, hakuna mviringo kwapani, hakuna kilima kwenye mkono. Vipande huunganishwa kwa mishono iliyonyooka na kazi imekwisha. Mara nyingine haifumwi hata hivyo, bali mashine hufuma jora refu, mkasi ukakata vipande kama vya shuka, na cherehani ya kuziba kingo ikamaliza. Muda unaookolewa ni faida ya mwenye kiwanda. Huo uitwao uhuru wa mwanamke, ukitazamwa kutoka upande wa mashine, ni uhuru wa mashine kutofanya sehemu ngumu ya kazi yake.

Kisha yako mambo ya vipimo. Sweta linaloukaa mwili lazima litengenezwe kwa saizi nyingi, na kila saizi ni hatari kwa muuzaji, kwa kuwa hajui ni ngapi zitabaki rafuni. Sweta linalopwaya hutengenezwa kwa saizi mbili au tatu, pengine moja tu, ikaandikwa kwenye lebo kwamba yatosha watu wote. Si kwamba yatosha. Ni kwamba hakuna atakayeweza kulirudisha dukani akidai limemkataa, maana limetengenezwa lisimkubali mtu yeyote.

Historia ya vipimo hivyo ina mafunzo yake. Kati ya mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja kwa vipimo 59, ili viwanda vya nguo vipate saizi za kufuata. Wanawake wasio Wazungu waliojitokeza hawakuingizwa katika hesabu. Kutokana na kazi hiyo ilitungwa saizi rasmi ya nchi mwaka 1958, na mwaka 1983 saizi hiyo ikafutwa, kila kiwanda kikaachiwa kujipimia kipendavyo. Ndiyo kusema mwanamke wa kawaida wa Marekani mwenyewe aliwakilishwa nusu nusu katika vipimo hivyo, kisha akaachwa kabisa. Basi karani wa Mbulu, ambaye hakuna kiwanda cha ng'ambo kilichowahi kumfikiria, atakuwa wapi?

Lakini huenda akatokea mtu akasema: kiwanda na kifaidike kipendavyo, mradi vazi linapendeza. Hoja hiyo ni ya haki na yafaa ijibiwe kwa mwili wenyewe.

Msichana anayepigwa picha kwenye magazeti ya mitindo huwa na urefu wa sentimita 175 hadi 180, na ni mwembamba. Achukuliwe huyo, na achukuliwe mwanamke mwenye sentimita 155, kimo ambacho msomaji atakikuta katika kila ofisi na kila chumba cha walimu. Wote wawili wavishwe sweta moja lenye urefu wa sentimita 75 kutoka begani. Kwa yule mrefu pindo litaishia chini kidogo ya nyonga, na miguu mirefu itabaki ikionekana. Kwa huyu wa pili pindo litakaribia goti. Kwa mmoja vazi lile ni sweta. Kwa mwingine ni gauni fupi la sufu lililovaliwa juu ya sketi. Mikono ambayo kwa yule wa kwanza inafunika viganja na kuonekana ya kupendeza, kwa wa pili huning'inia kupita vidole, na hakuna mwalimu anayeweza kuandika ubaoni katika hali hiyo bila kuikunja mara tatu na kubeba kifundo kikubwa kama kitumbua kwenye kila kiwiko.

Unene wa uzi nao una hesabu zake, na walimu wa hisabati wanaweza kuithibitisha kwa watoto. Kitambaa chenye unene wa sentimita 1 kikizunguka mwili huongeza zaidi ya sentimita 6 katika mzingo wake, hata kama kimeshika mwili barabara. Hiyo ni kabla ya kuhesabu upana wa ziada. Mwembamba wa magazetini akiongezewa hizo sita, hubaki mwembamba. Mama mwenye mwili wake wa kawaida, aliyezaa na kulea, akiongezewa sita za unene na thelathini za upana, huwa kama aliyejifunga godoro.

Jambo la tatu ni kifua. Nguo haining'inii hewani. Huning'inia kutoka mahali palipojitokeza. Sweta lisilo na umbo likivaliwa na mwanamke mwenye kifua, huangukia kutoka kifuani moja kwa moja hadi chini kama hema kutoka kwenye nguzo, na kila kilicho chini ya hema huhesabiwa kuwa ni mwili. Kiuno ambacho kipo hakionekani tena. Ndiyo maana kina mama wengi wanaonunua sweta pana ili lifiche unene hupata kinyume chake. Walitaka lifiche kidogo. Likatangaza kingi ambacho hata hakikuwapo.

Wataalamu wa maneno watauliza: je, si Waswahili hao hao wanaovaa mapana tangu enzi? Kanga ni pana, buibui ni pana, dera ni pana, kanzu ya mwanamume ni pana, na hakuna anayesema zinapwaya. Swali hili ni zuri, maana linaonyesha kwamba kosa halimo katika upana. Kanga ni kitambaa cha pembe nne kisichokatwa wala kushonwa zaidi ya pindo, chenye urefu wa kama mita moja na nusu, na mwanamke anapojifunga ndipo kinapopata umbo. Hukaza pale anapotaka, hulegeza pale anapotaka, na kesho hujifunga kwa namna nyingine. Umbo la kanga limo mikononi mwa mvaaji. Dera nalo ni pana mno, lakini kitambaa chake ni chepesi, huanguka kutoka begani, hufuata hatua za mtu na upepo, mwili ukaonekana unakwenda ndani yake. Kanzu hukatwa na fundi anayepima bega na shingo kabla ya kugusa mkasi. Upana wake huanzia chini ya kwapa, wala si juu yake. Katika yote hayo, ama mvaaji ndiye mwenye kutoa umbo, ama uzito wa kitambaa, ama mkasi wa fundi. Sweta nene lisilo na umbo limekosa yote matatu: halifungiki, haliangukii, na halikupimwa. Linasimama mbali na mwili kama gunia lililojazwa nusu.

Iko hoja nyingine iliyo nzito zaidi, na aghalabu hutolewa na wanawake wenyewe. Wapo wanaosema kwamba hawavai ili wapendeze macho ya mtu. Wanavaa pana ili wapande basi bila kutazamwa, wafanye kazi bila kuulizwa, wakae kwa starehe. Hoja hii haipaswi kupuuzwa, hasa katika nchi hii. Itakumbukwa kwamba mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na vipodozi vya kuchubua ngozi, na utekelezaji wake ukapangwa kuanza Januari 1, 1969. Nia iliyotangazwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wako vijana waliogeuza nia hiyo kuwa ruhusa ya kuwasumbua wanawake mitaani na kwenye mabasi, na mjadala kuhusu utamaduni ukawa mjadala wa wanaume kuhusu mapaja ya dada zao. Mtu yeyote anayeandika leo kuhusu mavazi ya wanawake hana budi kuliweka jambo hilo mbele yake.

Kwa hiyo ieleweke kwamba hapa hazungumzwi mwanamke anayelazimika kuonyesha umbo lake. Asiyetaka kulionyesha ana haki hiyo, na mama mjamzito, na mzee mwenye maumivu ya mabega asiyeweza kuvua nguo inayobana, wote sweta pana linawafaa kweli. Linalokataliwa ni kumwambia mwanamke kwamba kukosa kupimwa ni heshima aliyopewa. Sitara haihitaji gunia. Mvuvi wa Guernsey hakuwa akionyesha umbo lake kwa mtu. Sweta lake lilimkaa kwa sababu aliyelifuma alimfahamu, alijua urefu wa mkono wake na upana wa bega lake. Kupimwa ni kujulikana. Na mwanamke wa kawaida, awe wa Leeds au wa Lushoto, ana haki ya kujulikana na anayemvika sawasawa na mwanamke anayepigwa picha.

Hapa nchini masweta hayo huingia kwa njia ya mitumba. Yanayochoka au kuchosha huko yalikotoka hufungwa katika marobota, yakavuka bahari, yakamwagwa juu ya turubai katika magulio ya nyanda za juu. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vipate kupumua. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya soko lake, wengi wakarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Hilo ni jambo kubwa linalostahili makala yake. Kwa makala hii yatosha kusema kwamba mwanamke wa Njombe hachagui mtindo. Mtindo humfikia ukiwa umekwisha kuchaguliwa, kuvaliwa na kutupwa na mtu mwingine, na sweta pana ndilo linalobaki chini ya rundo na kuuzwa rahisi.

Na pembeni mwa gulio lile lile, mara nyingi hatua mia tu kutoka kwenye turubai, yuko mama mwenye mashine ya kufumia ya mkono juu ya meza. Mafundi wa namna hii ndio wanaowavisha watoto wa nyanda za baridi masweta ya shule, ya rangi iliyoagizwa na mwalimu mkuu, yenye mistari shingoni na kwenye pindo. Kila Januari wazazi huja na ombi lile lile: fundi amfumie mtoto kubwa kidogo, "atalikulia." Fundi huongeza vitanzi, mtoto wa darasa la pili huenda shule na mikono iliyokunjwa mara mbili, na anapofika darasa la tano sweta limemkaa kama aliyepimiwa jana. Huo ni upwaya wenye hesabu ndani yake, upwaya wa mzazi anayefikiri miaka mitatu mbele. Lakini mwalimu wa mtoto huyo ana miaka arobaini. Sweta analopwaya ndani yake leo hatalikulia kamwe.

Fundi huyo huyo aweza kumpima mwalimu kwa futi katika dakika tano: kifua, kiuno, nyonga, kutoka bega hadi kiwiko, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Anajua kupunguza vitanzi kwapani, kwa sababu amewapunguzia watoto mamia. Kinachomzuia ni uzi. Uzi mzuri ni ghali, hauji mara kwa mara, na duka la mji mdogo huleta zaidi rangi za sare za shule kwa kuwa ndizo zenye uhakika wa kununuliwa. Mtumishi anayetaka sweta la kahawia au la kijani kibichi huambiwa asubiri, naye huishia kwenye rundo la mitumba ambako rangi zote zipo na kipimo hakipo. Halmashauri na vyama vya ushirika vinavyotafuta miradi ya vikundi vya wanawake vingefanya vema kuanza na jambo hili dogo, kuagiza uzi kwa pamoja na kwa jumla, kabla ya kuwanunulia mashine mpya zitakazokaa bila kitu cha kufuma.

Hata kabla ya hapo, iko njia ambayo baadhi ya kina mama wameigundua bila kufundishwa na mtu. Sweta kubwa la uzi mnene laweza kufikia kilo moja kwa uzito, wakati sweta linalomkaa mwanamke wa kawaida halihitaji zaidi ya nusu ya hiyo. Mnunuzi mjanja huligeuza sweta ndani nje kabla ya kuuliza bei. Akiona kingo za mishono zimezibwa kwa cherehani na nyuzi zake zimekatwakatwa, huliacha, maana limekatwa kutoka kwenye jora na likifumuliwa litatoa vipande vifupi visivyofaa. Akiona kingo zimefumwa zikakamilika, kila mstari ukigeuka na kurudi bila kukatwa, huyo amepata mali. Hulipeleka nyumbani, akafungua mshono wa bega, akatafuta ncha, akaanza kulifumua jioni baada ya kusahihisha madaftari, mtoto mmoja akizungusha uzi kwenye mikono ya mwenzake. Uzi huo wenye mapindo hufungwa mafungu, huoshwa, huanikwa ukiwa umening'inizwa jiwe dogo chini yake ili unyooke. Asubuhi ya pili hupelekwa kwa fundi pamoja na vipimo. Kwa bei ya sweta moja lililompwaya kila mtu, hupatikana lake la kazini, lenye bega linaloishia begani, na kwa uzi uliobaki la mtoto, lililoongezwa vitanzi kidogo.